Mlango Wazi, Chumba Kilichofungwa: Lugha ya Kanuni za Mwenendo na Ujumuishaji katika Vyuo vya Sanaa

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna kanuni za mwenendo wa wanafunzi na sera za ujumuishaji zinavyoandikwa na kutekelezwa katika vyuo vya sanaa. Historia ya vyuo vitatu inarejelewa: Royal Academy of Arts ya London, Bauhaus ya Ujerumani na Chuo cha Makerere, Kampala. Kutokana na historia hiyo, makala yanaonyesha kuwa mtu anaweza kutengwa na kanuni isiyoandikwa, na anaweza pia kutengwa chini ya kanuni iliyoandikwa vizuri sana. Sehemu ya mwisho inaigeukia lugha ya Kiswahili na kuangalia jinsi ngeli, vinyambuo vya vitenzi na uteuzi wa maneno vinavyoweza kufichua au kuficha wajibu wa chuo kwa mwanafunzi wake.

1.0 Utangulizi

Katika darasa la hesabu mwanafunzi anaweza kuketi nyuma, akaandika majibu yake na kuondoka bila yeyote kujua alikotoka wala anachokiamini. Katika chuo cha sanaa jambo hilo ni gumu. Mwanafunzi wa sanaa hufanya kazi mbele ya wenzake. Hutundika kazi yake ukutani ihakikiwe na kila mtu. Huutazama mwili wa binadamu mwenzake kwa muda mrefu ili aweze kuuchora. Hushiriki karakana yenye moto, makali na kemikali. Yaliyomo moyoni mwake, yaani dini yake, mila zake, hofu zake na umaskini wake, hujitokeza katika kazi yake apende asipende.

Kwa sababu hiyo, maswali ya mwenendo na ya ujumuishaji huwa na uzito wa pekee katika vyuo vya aina hii. Nani anaruhusiwa kuingia katika chumba gani? Mhadhiri anaweza kusema nini kuhusu kazi ya mwanafunzi? Anayekataa kuchora mwili ulio uchi kwa sababu ya imani yake atatahiniwa vipi? Mwanafunzi asiyesikia atajuaje yanayosemwa kazi yake inapojadiliwa?

Huenda mwanafunzi wa Kiswahili akauliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu kwa njia mbili. Kwanza, kanuni ni matini, na matini huchambuliwa. Pili, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kazi ya kuandika au kutafsiri kanuni za taasisi kwa Kiswahili sanifu itawaangukia wahitimu wa somo hili. Ni heri waifanye wakijua kwamba neno moja katika kanuni linaweza kumfungulia mtu mlango au kumfungia.

2.0 Ufafanuzi wa Dhana

Kanuni ya mwenendo hueleza jinsi watu walio ndani ya taasisi wanavyopaswa kutendeana, na hatua zitakazofuata mtu akikiuka. Sera ya ujumuishaji hueleza taasisi itafanya nini ili watu wa kila namna waweze kuingia, kukaa na kufaulu. Ya kwanza humtazama mwanafunzi na kumwambia wajibu wake, ilhali ya pili huitazama taasisi na kuiambia wajibu wake. Chuo chenye ile ya kwanza tu humdai mwanafunzi bila kumwahidi chochote. Chuo chenye ile ya pili tu huahidi bila kuwa na njia ya kumwajibisha anayevunja ahadi.

Neno ujumuishaji lenyewe lina funzo. Kitenzi jumuika humaanisha kuingia pamoja na wengine kwa hiari. Kitenzi jumuishwa huonyesha kwamba kuna mwingine aliyefanya kitendo cha kumwingiza mtu. Anayejumuika ana nguvu zake mwenyewe. Anayejumuishwa anategemea mkono wa mwingine. Sera nzuri huanza kwa kumjumuisha mtu na huishia pale ambapo mtu huyo anajumuika mwenyewe bila kusubiri kualikwa kila siku.

3.0 Kanuni Isiyoandikwa: Royal Academy

Royal Academy of Arts ilianzishwa London mwaka 1768 chini ya Mfalme George wa Tatu. Miongoni mwa waasisi wake walikuwamo wanawake wawili, Angelica Kauffman na Mary Moser. Mtu akiishia hapo atasema kwamba chuo hicho kilikuwa cha watu wote tangu mwanzo. Lakini upo mchoro mmoja mashuhuri wa Johan Zoffany, wa miaka ya 1771 na 1772, unaowaonyesha wanachama wakiwa wamekusanyika katika darasa la kuchora mwili wa binadamu. Wanaume wameketi na kusimama kuwazunguka wanaume wanaochorwa. Kauffman na Moser hawamo katika kundi hilo. Wamechorwa kama picha mbili zilizotundikwa ukutani. Walikuwa wanachama, ila haikuonekana adabu wawe ndani ya chumba chenye mwanamume aliye uchi.

Jambo hilo halikuwa dogo. Katika enzi hiyo, kujua kuchora mwili wa binadamu ndiko kulikokuwa msingi wa sanaa iliyohesabiwa kuwa ya juu, yaani michoro ya historia na ya visa vya dini. Aliyenyimwa darasa hilo aliachiwa maua, matunda na picha za nyuso, kisha akaambiwa kwamba kipawa chake ni cha kiwango cha chini. Baada ya kifo cha Moser mwaka 1819, hapakuwa na mwanamke mwingine aliyechaguliwa katika safu za chuo hicho hadi mwaka 1922, Annie Swynnerton alipochaguliwa kuwa mwanachama mshiriki. Laura Knight alipata uanachama kamili mwaka 1936.

Kwa upande wa wanafunzi, mwaka 1859 wanawake 38 wasanii walitia sahihi ombi la kutaka shule za Royal Academy ziwapokee. Mwaka uliofuata, Laura Herford alituma michoro yake ya kuomba nafasi huku ameandika herufi ya kwanza tu ya jina lake, L. Herford. Michoro ikakubaliwa. Ilipobainika kwamba mwenyewe ni mwanamke, wakuu wa chuo walikuta kuwa hapakuwa na kifungu chochote kilichoandikwa cha kumzuia. Akaingia.

Kisa hiki kina mafunzo mawili kwa mchambuzi wa matini. La kwanza ni kuwa neno mwanafunzi katika kanuni za chuo hicho halikutaja jinsia, na bado kwa takriban miaka 90 lilisomwa kana kwamba humaanisha mwanamume. Desturi ilijaza pengo lililoachwa na maandishi. La pili ni kuwa kuingia chuoni hakukumaanisha kuingia katika kila chumba. Wanawake waliendelea kuzuiwa darasa la kuchora mwili ulio hai, wakaomba mara kwa mara, na ni mwaka 1893 tu ndipo waliporuhusiwa kumchora mwanamume, tena akiwa amesitiriwa kiunoni. Kanuni iliyotungwa ilitaja hata kipimo cha kitambaa cha kumfunga: urefu wa futi 9 na upana wa futi 3, na juu yake mkanda wa ngozi ili kisiteleze. Taasisi ambayo haikuwa na sentensi hata moja ya kuwazuia wanawake mlangoni ilipata maneno mengi ilipofika wakati wa kuwawekea masharti chumbani.

4.0 Kanuni Iliyoandikwa Isiyotekelezwa: Bauhaus

Bauhaus ilifunguliwa na Walter Gropius mjini Weimar mwaka 1919. Tangazo lake la kwanza lilieleza kuwa mtu yeyote mwenye sifa njema, ambaye elimu yake ya awali ingeridhisha baraza la walimu, angepokelewa bila kujali umri wala jinsia. Kwa wakati huo, hiyo ilikuwa ahadi kubwa. École des Beaux-Arts ya Paris ilikuwa imewapokea wanawake mwaka 1897 tu. Wanawake waliisikia ahadi hiyo na wakafika kwa wingi.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Idadi yao iliwatia walimu wasiwasi, na kufikia mwaka 1920 Gropius alikuwa akilitaka baraza la walimu liwachuje zaidi wanawake wanaoomba nafasi. Wengi wa waliokwisha kuingia walielekezwa katika karakana ya ufumaji, iwe walitaka au hawakutaka. Tangazo halikufutwa. Maneno yalibaki vilevile huku utendaji ukienda njia nyingine.

Haimaanishi kwamba waliosukumwa huko walishindwa. Gunta Stölzl, aliyeanza kama mwanafunzi mwaka 1919, alikabidhiwa uongozi wa karakana ya ufumaji mwaka 1927. Anni Albers, aliyeingia mwaka 1922, aliufikisha ufumaji kwenye Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York mwaka 1949 kwa maonyesho yake binafsi. Marianne Brandt alipenya katika karakana ya vyuma, na vyombo alivyobuni huko vinahesabiwa miongoni mwa kazi bora za chuo hicho. Hata hivyo, ufanisi wa wachache hauwezi kutumiwa kuitetea kanuni iliyovunjwa. Waswahili husema ahadi ni deni, na deni halifutiki kwa kuwa mdai amejipatia riziki kwingineko.

5.0 Karibu na Nyumbani: Makerere

Katika Afrika Mashariki, mafunzo rasmi ya sanaa katika ngazi ya chuo yanahusishwa sana na Margaret Trowell, Mwingereza aliyesomea Slade, London, na ambaye kuanzia miaka ya 1930 alifundisha sanaa Uganda. Shule aliyoianzisha Makerere ilikuja kupewa jina lake. Miongoni mwa waliosomea hapo ni Sam Ntiro na Elimo Njau, wote kutoka Tanzania, na Rosemary Karuga, mzaliwa wa Meru, Kenya.

Karuga, aliyezaliwa mwaka 1928 na kufariki mwaka 2021, alisoma Makerere kati ya mwaka 1950 na 1952, na anatambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza kusomea sanaa katika chuo hicho. Baada ya masomo alirudi Kenya akawa mwalimu kwa miaka mingi. Aliporejea kwenye sanaa kwa nguvu zake zote katika miaka ya 1980, rangi zilimshinda kwa bei. Akaanza kukata karatasi za kufungia bidhaa za dukani na kuzibandika, na kutokana nazo akaunda picha za wanyama na za maisha ya mashambani zilizompa sifa ndani na nje ya nchi.

Maisha yake yanaongeza jambo ambalo visa vya London na Weimar havilitaji waziwazi, nalo ni gharama. Mwanafunzi aliyepewa nafasi lakini hana turubai, brashi wala rangi amefunguliwa mlango akaachwa kizingitini. Sera ya ujumuishaji katika chuo cha sanaa isiyogusia vifaa ina pengo, hata kama imetaja kila kabila, kila dini na kila jinsia.

6.0 Lugha ya Kanuni katika Kiswahili

Ikiwa kanuni hizi zitaandikwa kwa Kiswahili, lugha yenyewe inampa mwandishi nafasi nzuri pamoja na mitego. Mambo manne yanafaa kuzingatiwa. Sentensi zinazotolewa hapa ni za mfano tu.

6.1 Ngeli na jinsia

Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika viambishi vya nafsi. Sentensi "Mwanafunzi atawasilisha kazi yake" haimtengi yeyote. Hii ni neema ambayo lugha nyingine hazina. Lakini kisa cha Royal Academy kinaonya kwamba neno lisilotaja jinsia laweza kusomwa kwa jicho la desturi. Pale ambapo desturi imewahi kuwatenga watu, ni bora kanuni iwataje: "Kila mwanafunzi, wa kike au wa kiume, ana haki ya kusoma katika karakana yoyote aliyofuzu kuingia."

6.2 Majina ya watu wenye ulemavu

Maneno kipofu, kiziwi, kiwete na kilema yana umbo la ngeli ya KI-VI ingawa upatanisho wake wa kisarufi ni wa A-WA: "Kiziwi amefika." Wapo wanaodai kuwa umbo hilo humshusha mtu hadi kiwango cha kitu. Hoja hiyo ina ukweli wake lakini haijitoshelezi, kwani kijana na kiongozi pia yana umbo hilo na hayadharaulishi mtu. Kinachodhalilisha zaidi ni matumizi ya neno moja kuwa jina zima la mtu. Muundo wenye "mwenye" huanza kwa mtu kisha hutaja hali: mtu mwenye ulemavu, mwanafunzi mwenye ualbino. Pamoja na hayo, si busara kubadilisha jina bila kuwauliza wenyewe. Watu wasiosikia nchini Tanzania wamekiita chama chao Chama cha Viziwi Tanzania, na jina hilo wanalibeba bila aibu. Katiba ya Kenya, katika Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kurejelewa kwa namna isiyomdunisha. Kwa hiyo uteuzi wa neno hapa ni suala la haki na si la adabu peke yake.

6.3 Kutendwa, kutendeka na mtendaji aliyefichwa

Huu ndio mtego mkubwa kuliko yote. Linganisha:

(a) Mhadhiri alimdhalilisha mwanafunzi mbele ya wenzake.
(b) Mwanafunzi alidhalilishwa mbele ya wenzake.
(c) Mwanafunzi alidhalilika mbele ya wenzake.

Sentensi (a) inamtaja mtendaji. Sentensi (b) imemwacha, lakini kauli ya kutendwa bado inakiri kwamba yupo, na msomaji anaweza kuuliza, "Na nani?" Sentensi (c), iliyo katika kauli ya kutendeka, imelifuta swali hilo. Ni kana kwamba udhalilifu ulimshukia mwanafunzi kama mvua. Vivyo hivyo, "sanamu yake ilivunjwa" na "sanamu yake ilivunjika" ni ripoti mbili tofauti mbele ya kamati ya nidhamu. Moja huita uchunguzi na nyingine huufunga. Anayeandika taarifa ya malalamiko anapaswa kujua anachokifanya anapochagua kiambishi kimoja badala ya kingine.

Kosa hilohilo huonekana katika ahadi za chuo. "Wanafunzi wenye mahitaji maalum watasaidiwa inapowezekana" ni sentensi isiyo na mtendaji, isiyo na muda na yenye mlango wa kutorokea. Inaweza kurekebishwa hivi: "Mkuu wa idara atahakikisha kwamba mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya yupo katika kila kikao cha uhakiki anachoshiriki mwanafunzi kiziwi." Sentensi hii ya pili inaweza kuvunjwa, na ikivunjwa itajulikana ni nani aliyeivunja. Ile ya kwanza haivunjiki kwa sababu haikuahidi kitu.

6.4 Ruhusa na haki

"Mwanafunzi anaruhusiwa kukata rufani" na "Mwanafunzi ana haki ya kukata rufani" si sentensi zenye maana moja. Anayeruhusu anaweza kukataza kesho. Haki haitolewi na mkuu wa chuo, hivyo hawezi kuiondoa. Katiba ya 2010 katika Kifungu cha 47 inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa na taasisi zinapotoa maamuzi, na ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi unapomwathiri vibaya. Kanuni ya nidhamu inayotumia lugha ya hisani mahali pa lugha ya haki inamficha mwanafunzi kile ambacho tayari ni chake.

7.0 Mvutano: Uhuru wa Sanaa na Heshima ya Mtu

Wapo watakaopinga wakisema kuwa sanaa haistawi chini ya kanuni nyingi, na kwamba kazi nyingi zilizobadili jamii ziliwaudhi watu kwanza. Pingamizi hili ni la haki na halifai kupuuzwa. Kifungu kinachopiga marufuku "kazi isiyo na maadili" au "mavazi yasiyo ya heshima" bila ufafanuzi humpa mwenye mamlaka rungu la kumpiga yeyote asiyempenda. Zaidi ya hayo, Kifungu cha 27 cha Katiba kinataja mavazi, lugha, dini na utamaduni miongoni mwa misingi ambayo mtu hafai kubaguliwa kwayo.

Njia ya kutatua mvutano huu ni kutenganisha kazi na mtu. Mhadhiri anaweza kusema kwamba mchoro hauna uwiano, kwamba rangi zimegombana, kwamba wazo ni la kuazima. Akisema kuwa mwanafunzi hawezi kuchora kwa sababu ya alikozaliwa, jinsia yake au mwili wake, ameuacha mchoro na kumshika mwenye mchoro. Kanuni inayoeleweka huulinda uhuru wa kwanza kwa ukamilifu na kuzuia kosa la pili kwa uwazi.

Darasa la kuchora mwili wa binadamu linaonyesha ugumu wa jambo hili. Katika karne ya 19 wanawake walipigania kuingia. Leo mwanafunzi anaweza kuomba kutoingia, kwa sababu ya dini au malezi yake. Wote wawili wanastahili kusikilizwa kwa kipimo kimoja: je, mwanafunzi atapata ustadi unaotahiniwa? Aliyetaka kuingia hakupaswa kupewa maua badala ya mwili. Anayeomba kutoingia naye asipewe zoezi la kumpoza tu; apewe njia nyingine ya kujifunza maumbile ya binadamu, kama vile kumchora mtu aliyevaa, kuchora mifupa au kuchora sanamu, bila kupunguziwa alama. Wala asisahaulike yule anayekaa ili achorwe. Yeye si mwanafunzi wala si mhadhiri, na kwa hiyo hudondoka kwa urahisi katikati ya vifungu. Kanuni kamili humtaja: asipigwe picha bila idhini yake, asiguswe, na awe na uwezo wa kusimamisha kikao.

8.0 Hitimisho

Visa vilivyojadiliwa vinaonyesha kuwa chuo cha sanaa kinaweza kuwatenga watu kwa kunyamaza, kama ilivyofanya Royal Academy. Kwa kuahidi bila kutenda, kama ilivyotokea Bauhaus. Na kwa kusahau kwamba rangi na karatasi hununuliwa, kama maisha ya Rosemary Karuga yanavyokumbusha. Anayeisoma kanuni yoyote, ya chuo cha sanaa au ya taasisi nyingine, anafaa kuipima kwa maswali matatu: imemtaja nani, imempa nani wajibu, na inafika hadi chumba gani. Kiswahili kina sarufi ya kutosha kuyajibu yote matatu waziwazi.

Maswali ya Mjadala

1. Eleza tofauti ya kimaana kati ya vitenzi jumuika, jumuisha na jumuishwa, kisha uonyeshe umuhimu wake katika uandishi wa sera.
2. "Kauli ya kutendeka ni kimbilio la mkosaji." Jadili kauli hii kwa kurejelea uandishi wa ripoti za nidhamu.
3. Chagua kifungu kimoja cha kanuni za taasisi unayoijua. Kitafsiri au ukiandike upya kwa Kiswahili sanifu ili mtendaji, wajibu wake na muda wake viwe bayana.